Tonge Lililobaki Sahanini

Katika nyumba zote za Edmonton, London, alizoingia Émilienne asubuhi kuogesha wazee wa watu, moja tu ndiyo iliyomngoja na chakula. Kampuni yake ilikataza. Kanuni zilisema mlezi amekuja kazini, hakuja kula. Lakini Mwalimu Kyriakos, Mgiriki wa Kupro mwenye miaka themanini na sita, alikuwa kipofu, na kanuni hizo hakuziona wala hakutaka kusomewa.

"Umetoka kwenye baridi," alimwambia siku ya kwanza, akimsogezea sahani kwa ncha za vidole. "Kula kwanza. Jina utaniambia baadaye."

Émilienne aliduwaa na koti lake mkononi. Miaka yote aliyokaa London, kila mlango aliobisha uliuliza jina kwanza: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya faili. Maneno kama yale alikuwa ameyasikia mara ya mwisho kwa mama yake, kule Uvira. Akaketi. Palikuwa na mkate, jibini ya chumvi, nyanya na zeituni, vyote vimekatwa na mkono usioona, vipande vikubwa vikubwa bila mpango. Alikula akijisikia mtu.

Kampuni ilitoa dakika thelathini: kumwogesha mzee, kumnyoa, kumpa dawa, kubonyeza simu kwamba umetoka. Mwalimu alizigawa upya dakika hizo. Ishirini na tano za kampuni, tano za meza. Kazi moja tu alimkataza Émilienne asiiguse, nayo ni kuosha vyombo. Mgeni haoshi, alisema, na nani angebishana na mtu aliyefundisha Kigiriki cha kale sekondari miaka thelathini na minne?

Wiki ya tatu, mzee akiwa kwenye sinki, akageuka na sahani mkononi.

"Binti, mkate wangu una kasoro gani?"

"Hauna, Mwalimu. Ni mzuri sana."

"Basi mbona kila siku unaniachia kipande? Umekibonyeza kwa kidole, na juu yake umechomeka zeituni mbili. Kama huzipendi, sema tu. Mimi si mtoto."

Émilienne alishikwa na aibu. Kumbe mkono wake ulikuwa ukifanya mambo bila kumwuliza. Akaeleza. Kwao, mtu mzima hakombi sahani. Anabakiza tonge la bugali, yaani ugali, na mtoto anayekuja kuondoa vyombo ndiye mwenye tonge hilo. Nyumba nyingi hubakiza. Ila mama yake alikuwa na namna yake: alilibonyeza tonge kwa dole gumba, kisha akachomeka ndagala wawili, wale samaki wadogo wa ziwani, vichwa juu kama watu wawili waliosimama mlangoni. Hakuna nyumba nyingine aliyowahi kuona ndagala wamesimamishwa hivyo.

"Na hapa kwangu unambakizia nani?" aliuliza Mwalimu.

Siku hiyo Émilienne alikosa basi la 279, na mzee wa nyumba iliyofuata alichelewa kuoga.

Aliyebakiziwa aliitwa Fortunat, mwanawe wa pekee. Vita vilipomuua baba yake, Émilienne alimwacha kwa koko, yaani bibi yake, yule yule mama wa ndagala, akiwa na miaka minne, akasema atarudi mambo yakitulia. Aliondoka kwa njia alizozipata, akafika London, akapewa ukimbizi. Hapo ndipo dunia ilipomfungia mlango kwa adabu. Aliomba mtoto aletwe, mara mbili, na mara mbili akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Cheti kiliungua na nyumba. Akaomba basi aende yeye, akapewa hati ya safari iliyoandikwa kwa herufi safi kwamba ni halali nchi zote isipokuwa Kongo. Angeweza kwenda kuangalia theluji ya Norwei. Kwao tu ndiko kulikokatazwa.

Miaka ikapita kwenye simu. Kisha koko akafariki, na Émilienne, uraia wake ukiwa bado unashughulikiwa, hakwenda kumzika. Fortunat alipiga siku ya tatu ya msiba. Hakupaza sauti. "Usipige tena," alisema, na tangu siku hiyo miaka mitatu hakupokea. Habari alizipata kwa binamu: Fortunat amekuwa fundi wa kuchomelea vyuma, Fortunat ameoa msichana anayeitwa Armelle.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafuta mikono.

"Namjua mtu mmoja aliyechelewa kama wewe," alisema. "Kesho nitakuanzia habari yake."

Ndivyo Émilienne alivyoanza kupewa utenzi wa kale wa Wagiriki, vipande vya dakika ishirini, wembe ukiwa shingoni kwa mtambaji. Mzee aliukariri kwanza kwa Kigiriki, sauti ikipanda na kushuka, kisha akaugeuza Kiingereza chake kizito ili mwenzake naye auelewe kwa Kiingereza chake chepesi. Ulikuwa wa mfalme wa kisiwa kidogo cha mawe. Alipigana vita miaka kumi, akachukua mingine kumi kurudi. Bahari ilimchukia. Jitu lenye jicho moja lilimlia wenzake. Mara moja alifika karibu kabisa, akaona hadi moshi wa majiko ya kwao, ndipo mabaharia wake wakafungua mfuko uliofungiwa pepo za dhoruba, na upepo ukawarudisha walikotoka.

"Hapo namwelewa," alisema Émilienne. "Huo mfuko nami nimefunguliwa."

Lakini hakuwa msikilizaji wa kukubali kila kitu. Aliposikia kwamba mfalme huyo alikaa miaka saba kwa mwanamke wa kisiwani, mchana akilia ufukweni na usiku akiingia ndani, aliondoa wembe kabisa.

"Miaka saba? Huyo hakukosa njia, Mwalimu. Alikosa haya."

Mwalimu alicheka hadi povu likamwingia mdomoni. "Wanafunzi wangu hawakuwahi kusema hivyo."

"Wanafunzi wako hawakuwa na mtoto nyumbani. Yeye alikuwa naye?"

"Alikuwa naye. Wa kiume. Alimwacha mchanga, akamkuta mtu mzima."

Émilienne alimalizia shavu la kushoto polepole, akampaka mafuta, akamfunga vifungo vya shati kimoja kimoja. "Alimpokea?" aliuliza mwishowe.

"Siku ukienda, nitakwambia."

"Na nisipoenda?"

"Basi kuna haja gani ya kukwambia?"

Maana kwenda ndiko kulikokuwa kumebaki. Uraia ulikuwa umetoka. Pasipoti ilikuwa sandukuni, chini ya nguo za kanisani, miezi saba. Kilichomzuia sasa hakikuwa karatasi, bali hofu: asafiri njia yote hiyo, abishe, na mwanawe afunge mlango. Simu isipopokewa, mtu anaweza kujidanganya kwamba mtandao ni mbaya. Mlango haudanganyi.

Aliyemaliza ubishi ni Zipporah, Mkenya aliyefanya naye kazi, mwanamke asiye na subira na machozi ya watu.

"Emi, wewe enda tu," alimwambia kwenye kituo cha basi. "Hizo shift zako nitacover. Na huyo mzee wako nitamnyoa mimi, hata kama ataniimbia Kigiriki mpaka jioni. Unangoja nini, invitation card?"

Basi akaomba viza ya kwenda kwao. Fomu iliuliza sababu ya safari, na kati ya visanduku vilivyokuwepo hakuna kilichomfaa, akaweka alama kwenye utalii. Akajaza masanduku matatu kama kila Mkongomani anayerudi, maana kurudi kutoka Ulaya mikono mitupu ni afadhali usirudi. Akanunua mashati, simu, vitenge vya Armelle. Kwenye viatu vya Fortunat akakwama. Muuzaji wa soko la Edmonton Green alimwuliza namba, naye akagundua kwamba mguu wa mwanawe aliujua mara ya mwisho ukiwa unaenea kiganjani mwake. Alinunua jozi tatu: arobaini na mbili, na tatu, na nne.

Asubuhi ya kuaga, Mwalimu alimpa chakula cha njiani kwenye karatasi.

"Mfalme wako alifikaje?" Émilienne aliuliza. "Hilo angalau niambie."

"Kama ombaomba. Kila alichokuwa nacho kilizama. Na hakuna aliyemwuliza jina mpaka alipokula."

"Mimi nina masanduku matatu," alisema Émilienne.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, lakini wahenga hawakusema ngamani utafika na nini. Masanduku yote matatu hayakutokea Bujumbura, alikoshukia ndege. Alisubiri siku mbili, kisha akaondoka na mkoba. Huko Gatumba, njiani kuelekea mpaka wa Kongo, ziwa lilikuwa limepanda juu ya barabara, magari yamegeuka. Akavushwa juu ya baiskeli iliyosukumwa na vijana wawili, maji yakimfika magotini, na katikati baiskeli ikaegama na sketi yake ya safari ikaenda na matope. Mpakani walimweka nusu siku, wakitazama pasipoti, wakimtazama yeye. Alifika Uvira, kwenye nyumba aliyoelekezwa na binamu, saa nane mchana, kiatu kimoja kimekatika ukanda. Malkia gani huyu, alijisemea, akataka kugeuka.

Kabla hajageuka, msichana mwenye mimba alitoka uani na beseni.

"Karibu, mama. Ikala hapa kwanza," alisema, akimsogezea kigoda.

Ni Armelle. Hakumjua mgeni wake, maana Fortunat hakuwa ameweka picha hata moja. Émilienne alifungua kinywa ataje jina, kisha akaketi tu. Na Armelle hakuuliza. Alimmwagia maji mikononi, akamletea bugali na ndagala, akasema, "Kula, mama, umechoka. Masemi iko nyuma." Yaani maneno baadaye, hayana haraka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini siku hiyo aliyepona alikuwa mgeni. Émilienne alikula akilia, na Armelle, mtoto wa watu mwenye adabu, akajifanya ni pilipili.

Alikwenda kunawa nyuma ya nyumba. Huko ndiko alikosikia mlango wa mbele, na sauti nzito ya mwanamume asiyemjua.

"Ni nani njo amekula hapa?"

"Ni mama moya, mugeni. Hayasema bado jina yake."

Émilienne alichungulia. Mwanamume mrefu, mikono imejaa alama za moto wa kuchomelea, alikuwa amesimama juu ya sahani. Ndani yake palikuwa na tonge moja, limebonyezwa kwa dole gumba, na ndagala wawili wamesimama vichwa juu. Mkono wake ulikuwa umefanya tena bila kumwuliza.

Fortunat alichuchumaa. Alilitazama tonge muda mrefu. Aliyejua kulitengeneza hivyo alikuwa kaburini, na zaidi yake palikuwa na mmoja tu. Alipoinua macho, mama yake alikuwa mlangoni, mikono inadondosha maji.

"Ulikawia, mama," alisema.

"Nilikawia, mwanangu. Lakini nimefika."

Hakumkimbilia wala hakumkumbatia. Hayo yalikuja siku nyingine, kidogo kidogo, na mengine bado yako njiani. Alichofanya Fortunat ni kulichukua lile tonge, na wale ndagala wawili, akalitia kinywani, akatafuna hadi likaisha.

Émilienne alirudi London baada ya wiki nne. Jumapili alitoa ushuhuda kanisani, akamshukuru Mungu kwa ndege, kwa mpaka, kwa baiskeli na vijana wake, kwa mkwe mwenye mkono wazi. Alimshukuru Zipporah mbele ya watu, Zipporah akainamisha uso. Habari ya sahani hakuisema. Hiyo ilikuwa na mwenyewe.

Jumatatu asubuhi alimsimulia Mwalimu, wembe mkononi, tangu masanduku hadi tonge, na mzee hakumkatiza hata mara moja. Aliuliza tu mwishoni kuhusu viatu.

"Masanduku yalikuja siku ya tisa. Anavaa arobaini na tano."

Walicheka wote wawili. Mwalimu akajipangusa macho yasiyoona.

"Na yule mfalme wako wa kisiwani?" Émilienne aliuliza. "Uliniahidi. Mwanawe alimpokea?"

"Alisema kwanza, wewe si baba yangu. Hakuamini. Kisha akalia." Mzee alitabasamu. "Wa kwako ni bora. Wa kwako alikula."

"Asante, Mwalimu," alisema Émilienne. "Kwa sahani ya siku ya kwanza. Usingeniuliza habari ya zeituni, ningekuwa bado nasingizia karatasi."

Mwalimu alipunga mkono kama mtu anayefukuza inzi, akamsogezea mkate na jibini. Émilienne alikula dakika zake tano. Simu ya kampuni ililia, akaibonyeza, akavaa koti. Nyuma yake mzee alikuwa ameanza kazi yake kwenye sinki. Alipitisha vidole ukingoni mwa sahani, akazunguka pande zote, akarudi katikati, akarudia tena.

"Binti," alisema. "Leo hujabakiza."

"Sijabakiza, Mwalimu. Mtoto amekwisha kula."