Kisu Chenye Alama za Meno

Juzi alikuja mama mmoja kwenye meza yetu ya visu vya mtumba, hapa Tandale. Alikuwa akishika visu vya kukunja kimoja kimoja na kupapasa mipini. Baada ya arobaini, wakwe zake waliuza vitu vya marehemu mumewe, kisu kikiwamo.

“Mpini una alama za meno,” alisema. “Alikuwaga anakibana mdomoni akifunga magunia.”

Nikachomoa kisu kimoja kati ya vingine. Alama hizo nilizisugua mwenyewe kwa msasa, nikidhani ni kasoro.

“Ni hiki, mama. Mie ndiye niliyezifuta.”

Akakikunjua, akakigeuza juani. “Hiki kipya, mwanangu. Nyie wauzaji bwana!”

Nikaapa. Akatikisa kichwa.

“Basi kichukue bure, mama.”

Akakiweka mezani taratibu. “Sasa ndiyo nimejua sicho. Kingekuwa chenyewe, ungenipandishia bei.”

Akahamia meza ya jirani, akaanza upya na kisu cha kwanza. Sikumfuata. Sokoni tumeshadanganyana mno. Siku ukiwa na ukweli, hata ukiugawa bure, hakuna anayeupokea.