Jabali la Mwalimu

Mimi fundi ujenzi nilikubaliana na mwalimu mstaafu hapa Singida Mjini bei ya kumjengea nyumba, kisha saruji na nondo zikapanda. Nilimwendea kwa aibu.

“Shikamoo mama. Kwa bei ile sitaweza.”

“Marahaba. Unaweza kupunguza wapi?”

“Labda mawe na kokoto. Lori la kuzileta ni ghali.”

Alicheka mpaka akashika kiuno. Kiwanjani kwake palikuwa na jabali kubwa kuliko trekta, nami nilishapanga gharama ya kuliondoa!

Tuliliwashia moto, tukalimwagia maji, likapasuka kwa kishindo. Mama alipiga vigelegele. Msingi wote ulitoka humo, na kokoto zikatosha hadi lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Bei haikubadilika. Siku ya kupaua alituchinjia kuku watatu, tukala tukiimba.