Mpaka Uliohamia Mlangoni Kwangu

Dola kumi na saba. Nane za ua lenyewe, nne za wachimbaji wawili, tatu za pikipiki kutoka mlimani hadi hapa Sake, mbili za bia ya kufunga bei. Nilijumlisha mara mbili, na mara zote mbili nikajiona mwerevu, kwa sababu mwenye ua alianzia ishirini.

Lilikuwa la zamani, refu kunipita, majani membamba yenye ukingo mwekundu, limesimama pembeni mwa uwanja wake. Tulikata nusu ya majani, tukachimba mbali na shina ili mizizi itoke na udongo wake, tukaifunga kwa gunia lililoloweshwa maji. Nikalipanda mbele ya mlango wangu, kwa kina kilekile. Wiki ya nne likatoa jani jipya. Niliita hata wapita njia waje kulitazama.

Siku ya soko akapita mama mmoja na mzigo wa maharagwe mgongoni. Akasimama. Akautua mzigo polepole, kama mtu aliyemkuta marehemu amekaa kwenye kiti.

"Papa, mupaka yangu iko inafanya nini kwa mulango yako?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mama, hii ni maua. Nililipa."

"Ulilipa nani? Ule jirani yangu? Baba mukwe wangu njo alipanda hiyo! Tangu bwana yangu afe, ule muntu anatafuta shamba yangu. Sasa amelima kufika nyuma ya jiko, anasema: onyesha mupaka iko wapi. Weye unanunua mupaka ya bantu kama ndizi?"

 Mimi ninayehesabu chenji mbele ya padri, sikujiuliza kwa nini mtu ashuke kutoka ishirini hadi nane bila hata kununa. Kule mlimani kila mtoto anajua kwamba mmea ule, ukisimama kati ya nyumba mbili, ndio mpaka, na hauguswi. Mimi nimekulia sokoni.

Nilipanda mlimani kwa muuzaji siku ileile. "Maua uliona, maua ulibeba," akasema, huku akipalilia maharagwe yake. Shimo letu sikuliona tena; maharagwe yalikuwa juu yake.

Chefu, mkuu wa kijiji chao, aliamua nilirudishe Jumamosi mbele ya mashahidi. Wachimbaji wangu wanapakumbuka mahali, watapaonyesha. Lakini akaniinulia kidole: "Lishike, Papa. Mupaka ikikauka, kesho bantu watasema haikukuwaka pale hata siku moja."

Basi ninyi mnaojua mimea: ua lililohamishwa mwezi mmoja tu uliopita litavumilia kung'olewa tena? Nikate majani yote ao nusu? Mizizi mipya imeshatoka, niliichungulia kwa kidole. Ningengoja mvua ikolee, lakini yule jirani aliyeniuzia ameshaleta miti ya uzio, na mama hana shamba lingine. Niambieni kabla ya Jumamosi.