Mpira Mweusi wa Kishamba Namba Kumi na Tisa

Kishamba changu kilikuwa cha mwisho kabisa, mtelemkoni, mbali na mfereji wa maji ya bomba kuliko vyote. Ndicho walichotupa, sisi tuliofika Woolwich, London, kutoka Mombasa na pasipoti zao za Kiingereza mikononi. Kaunsili ya mji ilikodisha vishamba kama hivyo kwa watu wasiokuwa na ua, na kila mtu alitakiwa kuteka maji kwa ndoo. Kuunga mpira wa maji kwenye mfereji ilikuwa marufuku. Mimi nina nyonga mbovu tangu nilipojifungua mwanangu wa pili, na sikukusudia kubeba ndoo arobaini kila siku ili kumfurahisha mwenyekiti wa kamati ya vishamba.

Basi nikafanya alivyofanya baba yangu kumwagilia mtambuu wake uani kwetu. Nikaweka pipa juu ya matofali, likijaa mvua na ndoo mbili tatu za kujazia. Chini ya pipa nikaunga mpira mwembamba niliokwisha kuutoboa kwa sindano ya moto, nikaulaza kando ya mashina. Maji yakatoka tone kwa tone. Uwatu ukaota, dania ikaota, mabilingani yakakataa, lakini hayo ni ya baridi yao, si ya mpira wangu.

Mwenyekiti alikuja kutazama. Alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, na alikuwa na tabia moja iliyonichemsha damu: mimi nikiwa mbele yake na jembe mkononi, alisema na mume wangu.

"Mwambie mkeo huu si utaratibu wetu."

"Mkewe anasikia," nikasema.

Mume wangu akaangalia viatu vyake. Alikuwa karani wa forodha Mombasa, mtu wa kuheshimiwa, na London alikuwa akifunga maboksi kiwandani. Tangu tushuke kwenye ndege alikuwa akiniomba jambo moja tu: nipunguze sauti. Nyumbani tulizungumza Kikachi, lugha ya mababu zetu wa India, lakini ugomvi wetu ulikuwa wa Kiswahili, kama ulivyokuwa siku zote.

"Tusiwaudhi, mama watoto," aliniambia njiani. "Sisi ni wageni hapa."

"Mgeni wewe. Mimi nina kishamba."

Kisha nikafanya kosa, na nalikiri. Majira ya baridi yalipokaribia niliacha pipa limejaa na mpira umejaa. Mtu wa Mombasa gani anamwaga maji? Sisi tumelelewa hivi: mfereji ukitoa, unajaza mtungi, sufuria, beseni, hata birika, kwa sababu kesho hujui kama utatoa. Kuacha chombo kitupu kwangu kulikuwa sawa na kulala mlango wazi. Nikafunika pipa kwa gunia, nikaenda zangu nikijiona mwenye akili.

Barafu ikalipasua pipa kutoka juu mpaka chini. Mpira, ambao ulikuwa wa plastiki ngumu, wa rangi ya maji, ulikatikakatika, na upepo ukavitawanya vipande vyake kwenye vishamba vya wenzangu. Barua ikaja kwa jina la mume wangu. Kamati ilisema imeokota plastiki kwenye kabichi za watu saba. Baridi ijayo ikiisha watakagua, na kikionekana kipande kimoja tu kilichovunjika, kishamba atapewa mwingine.

Niliona haya, sitasema uongo. Lakini haya yangu hayadumu, hugeuka hasira upesi.

Mume wangu alitaka tukirudishe wenyewe kabla hatujafukuzwa. Mimi nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, nikarudi na vipande vitatu vya mpira, kila kimoja urefu wa mkono: ule ule wa plastiki ngumu, wa kijani wenye mistari, na mweusi mnene unaopindika. Nikavijaza maji, nikaziba ncha kwa vizibo na waya, nikavilaza kwenye friza juu ya samaki. Mume wangu akafungua friza akitafuta njegere, akaita jina la Mungu.

Ule mgumu ulipasuka usiku wa kwanza. Wa kijani ulivumilia mara mbili, ukachanika. Mweusi niliugandisha na kuuyeyusha mara sita. Ulivimba, ukanywea, ukarudi kama ulivyokuwa.

Tukaenda dukani pamoja. Muuzaji akasema mweusi utakaa ardhini miaka ishirini. Mume wangu akanivuta pembeni.

"Chukua wa msimu mmoja. Nani ajuaye mwakani tutakuwa wapi?"

Sanduku letu kubwa lilikuwa bado juu ya kabati, nusu ya nguo zimo ndani. Kila nikitafuta kitambaa cha meza nilipanda kiti. Nilikuwa nimechoka kupanda kiti.

"Tutakuwa hapa," nikamwambia. "Nipe mweusi," nikamwambia muuzaji, kwa sauti ambayo nadhani ilifika barabarani.

Muuzaji akacheka, kisha akanipa shauri ambalo sikulitaka. Hata mweusi usiuache na maji majira yote ya baridi, alisema. Kuvimba kila mwaka kutauchosha. Ulaze kwa mtelemko, ufungue mwisho wake, umwage yote. Nilibishana naye. Nilifika nyumbani ningali nabishana naye, peke yangu, jikoni.

Lakini kishamba changu kilikuwa mtelemkoni. Kile kile walichonipa kwa sababu hakuna aliyekitaka ndicho pekee ambacho maji yake yangetoka yenyewe. Nilipanga upya, nikaweka pipa jipya, nikauzika mpira kina cha kiganja, mwisho wake ukachungulia chini kabisa kwenye mtaro. Majani yalipoanza kuanguka nilichuchumaa pale, nikang'oa kizibo. Maji yakatoka, mazuri, masafi, yakaingia mtaroni. Nililia. Acha mtu anicheke. Nilipomaliza nililipindua pipa tupu, nikaliwekea jiwe juu.

Baridi ile ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Ardhi iliganda mpaka uma wa kulimia ukawa haupiti. Sikwenda kuutazama mpira hata mara moja, niliogopa.

Siku ya ukaguzi mwenyekiti alikuja na daftari. Hakuamini maneno, alifukua mwenyewe kwa koleo lake dogo, hapa, na pale, na pale tena. Aliuinua mpira wangu, akaupinda, akausokota, akautazama kwenye mwanga kama fundi cherehani anayetafuta tundu. Matundu aliyoyaona yalikuwa yangu, ya sindano.

Akafuta mikono. Akaandika kitu. Kisha akamgeukia mume wangu, kama kawaida yake.

"Sawa. Kishamba mnabaki nacho. Lakini mwambie kila mwaka autoe mpira ardhini kabla ya baridi. Ndiyo salama."

Nilifungua mdomo. Mume wangu akaniwahi. Hakutazama viatu, na sauti yake, ile ya forodha ambayo sikuisikia tangu Mombasa, ilifika mpaka kwenye mfereji.

"Hautoki," alisema.