Nimezificha Diski za Breki za Mume Wangu

Mhariri wa ukurasa huu, nakuomba jina langu libaki mezani kwako. Wasomaji wenzangu, nawasalimu kwa upendo, na mlionizidi umri shikamooni. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nimeishia darasa la saba, nina watoto wanne na mume wa ndoa ya kanisani. Tunakaa Kikuyu, hapa Dodoma. Mume wangu nitamwita Baba Neema, ingawa hatuna mtoto wa jina hilo.

Alikuwa karani serikalini. Walipopunguza watu naye akapunguzwa. Wenzake walinunua mashine za kusaga, yeye akaenda Dar es Salaam akarudi na gari jekundu la Kijapani, la milango miwili, limeinama chini kama kobe, yale ya vijana wa kukimbizana. Nikamwambia, "Baba Neema, sisi watu sita, humu tutaingiaje?" Akacheka. "Mama, nimeendesha baiskeli ya ofisi miaka ishirini. Niache na mimi nivume." Nikamwacha. Mwanaume aliyetoka kuachishwa kazi humnyang'anyi kicheko chake.

Tangu hapo kila Jumanne na Ijumaa ananiaga anakwenda Ihumwa, kwenye shamba letu, kusimamia watu wa matofali. Mimi namfungia chakula, namwombea, anaondoka. Sikuwa na neno.

Sasa, mume wangu ni mtu wa ile miaka ya maduka matupu, hajui kutupa kitu. Msumari uliopinda anaunyoosha. Pedi za breki zikilika anazitia kwenye debe stoo, eti ipo siku zitafaa. Siku moja nilikuwa natafuta ungo, nikataka kulisogeza lile debe, likanishinda. Nikalimwaga. Ndugu zangu, pedi za seti tatu, zimelika mpaka chuma kitupu, na gari halijatimiza mwaka! Nikazirudisha moja moja nisisikike, lakini moyo haukurudi.

Wiki iliyofuata fundi akaja nyumbani, akaliweka gari juu ya mawe, akatoa magurudumu ya mbele. Baba Neema alikuwa amekwenda sokoni. Nikampelekea fundi chai, nikajifanya mjinga. "Mwanangu, hivi breki huisha upesi hivi?"

"Haziishi, mama. Zinamalizwa. Hebu ona hii diski." Akanionyesha lile duara la chuma ambalo pedi hulibana. Lina mifereji ukucha unakwama, na limegeuka rangi, linang'aa samawati kama shingo ya njiwa. "Limeungua hili. Pedi peke yake hazitoshi tena, ni mpaka diski mpya. Mzee anashuka mlima mrefu huku amekanyaga breki tu."

"Ihumwa kuna mlima gani?"

Akacheka. "Ihumwa? Ihumwa unaviringisha yai mpaka stesheni. Si mwenyewe kaniambia pale Kolo zilitoa moshi..." Akanywa chai ya moto kwa mkupuo mmoja, maskini, akaingia chini ya gari.

Kolo ni mbali, kule Kondoa. Baba Neema aliwahi kufanya kazi kule akiwa kijana, kabla hajanioa. Jioni nikamwekea ugali wa uwele na mlenda, nikauliza kama ninayepiga soga, "Hivi Kolo kuna nini siku hizi?"

Hakuinua uso. "Kuna michoro ya wahenga mapangoni. Unataka kwenda kuchorwa?"

Watoto wakacheka. Mimi nikakumbuka kwamba mara mbili nimekuta kiti cha abiria kimevutwa mbele kabisa, na mimi ni mrefu. Aliyekaa pale ni mwanamke mfupi, au ni mtoto. Sijui kipi kinaniuma zaidi.

Diski mpya na pedi zake zikatumwa kwa basi kutoka Dar. Siku hiyo yeye alishikwa na homa, akanituma stendi. Nikapokea boksi, zito, linanuka grisi. Njiani shetani akatembea nami bega kwa bega. Nikalifukia kwenye pipa la uwele, nikaingia chumbani nikasema, "Wanasema mzigo haujafika." Uongo wangu wa kwanza kwake kwa miaka ishirini na mbili.

Alipopona akaenda mwenyewe kuuliza. Akarudi akakaa, akanitazama. "Wanasema mzigo kachukua mama mmoja aliyefunga kitambaa cha umoja wa akina mama wa kanisani. Wezi wa siku hizi nao wameokoka!" Akacheka peke yake. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania au ananiambia ninajulikana. Hajauliza tena. Naye ananiangalia ninavyomwangalia.

Ila amempa fundi mpaka mwisho wa mwezi. Mzigo usipopatikana, zirudishwe zile zilizoungua. Fundi akamwambia, "Mzee, utajiua." Akajibu, "Nitashuka kwa gia. Kuna mahali nasubiriwa."

Nasubiriwa! Alilisema mbele yangu, wala hakujikwaa.

Wasomaji, nimefunga na kuomba, lakini nikifika kwenye amina najiona mnafiki, maana naomba Mungu amlinde huku breki zake nimezikalia. Nikizitoa, nimemfungulia njia ya Kolo kwa mkono wangu, na sitajua kamwe kuna nani. Nisipozitoa, ipo siku wataniletea habari kutoka ule mteremko, na pengine garini hatakuwa peke yake. Nikaseme yote, nikavunje nyumba? Au nizitoe nikae kimya? Mwezi unakwisha. Wenye hekima na wenye ndoa, nisaidieni kabla fundi hajarudi: nifanye nini?