Siku Fahali wa Mzee Shija Alipokula Kaptula ya Mshenga

Bora niseme mwenyewe, maana nikinyamaza mtahadithiwa na wengine, nao wataongeza chumvi, na mimi chumvi ndiyo iliyoniponza: niliwahi kuposa nikiwa uchi. Afadhali ningekuwa najiposea mwenyewe. Nilikuwa mshenga, mtu niliyeaminiwa na rafiki yangu, nikasimama ndani ya lambo maji yakiwa kifuani, mbele ya nusu ya kijiji, nikimwamkia baba wa binti kwa adabu zote. Chekeni tu, hata mke wangu bado anacheka, na wakati huo alikuwa hata hanijui.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, upande wa Kishapu, pamba imeshavunwa na ng'ombe wameachiwa mashambani wale mabua. Sisi tuliokwenda vitani Burma kwa hiari yetu (nasema kwa hiari, maana wapo waliokamatwa kama mbuzi wa mnadani, lakini sisi tulijipanga wenyewe kwenye foleni ya kujiandikisha, ujana bwana!) tulikuwa tumerudi yapata miaka mitano, na upande huu wote tulikuwa kumi na mmoja. Watu walituona wa ajabu kidogo, tunakunja blanketi pembe kwa pembe, tunaamka kabla ya jogoo bila kuamshwa na mtu, na hatukuweza kumaliza mwezi bila kuonana. Basi tukawa na chama chetu, hakina jina wala karatasi. Mvua zikianza tunalima kwa mmoja wetu leo na kwa mwingine kesho, na kabla ya wote tunaanza na wajane wa wenzetu waliobaki kule. Hata yule aliyekuwa amepata kazi kwenye migodi ya dhahabu Geita alikuwa akija na jembe begani kulima zamu yake.

Na tulikuwa na filimbi. Niliitunza mimi (nilisahau kuirudisha stoo ya jeshi, ndivyo ninavyosema kila nikiulizwa), na sheria yake ilikuwa moja: ikilia mara tatu, ndefu, mwenzako yuko hatarini, acha ulichoshika, njoo. Mnajua sisi Wasukuma tuna mwano, ule ukelele wa hatari ambao mwanamume hawezi kuusikia akabaki amekaa. Filimbi ilikuwa mwano wetu sisi kumi na mmoja, na tangu turudi ilikuwa imelia mara moja tu, siku nyumba ya mmoja wetu ilipowaka moto.

Sasa, katika kumi na mmoja hao alikuwepo Lushinge, mtu mpole, mrefu, asiyejua kusema maneno mengi, naye akampenda Kabula, binti wa Mzee Shija. Na Kabula akampenda. Tatizo lilikuwa mzee. Mtoto wake wa kwanza, Luhende, alijiandikisha siku moja na sisi, foleni ile ile, akafia kule, na mzee alichopata ni karatasi tu kutoka bomani. Mwaka tuliporudi tulikwenda kwake na majembe kumlimia kama tulivyowalimia wajane, akatutoa mbio. “Mlimchukua, hamkumrudisha,” alisema, na tangu hapo hatukukanyaga shamba lake.

Lushinge alipopeleka neno la uchumba, mzee alimwita akamwambia wazi, “Wewe uliondoka kwenu kwa sababu ya filimbi ya jeshi. Siku ikilia tena utamwacha mwanangu na chungu kikiwa jikoni. Mtu wa namna hiyo simpi binti.” Lushinge akaapa kwamba filimbi ameisahau kabisa. Mzee akafikiri siku nyingi, mwishowe akasema haya, leteni mshenga, tusikie. Mshenga nikawa mimi, Maige, kwa sababu najua kusema.

Nikataka kupendeza, na hapo ndipo nilipokosea. Dobi mmoja kule Seloni, kisiwa tulichokaa kabla ya kupelekwa Burma, alinifundisha kutia nguo wanga, na siri yake ilikuwa kuweka chumvi kidogo ndani ya ule uji wa wanga ili pasi isinate. Mimi nikaona kama kidogo kinafaa, kingi kitafaa zaidi. Nikatia ngumi nzima ya chumvi ya magadi, nikaipiga pasi kaptula yangu ya khaki na shati lake mpaka zikasimama zenyewe kama zina mtu ndani. Asubuhi ya siku ya posa nikaondoka kwangu nikitembea bila kukunja magoti, nisivunje mikunjo, na kila niliyekutana naye aliniuliza kama naumwa mgongo.

Nilipofika kwenye lambo lililo karibu na kwa Mzee Shija nilikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nikajisemea, mshenga haingii kwa watu hivi. Mabwawa hayo yanajulikana, upande mmoja ng'ombe, upande mwingine wanawake wanateka maji, na upande wa matete hakuna mtu. Nikavua, nikatandika nguo juu ya kichaka kwa uangalifu mkubwa, nikaingia majini na filimbi yangu shingoni (hiyo sikuivua hata nikilala). Maji yalikuwa mazuri. Nikawa naoga huku nikirudia hotuba yangu, na nilipofika mahali pa kusema “tumekuja kwa heshima,” nikageuka, nikamwona fahali mwekundu anailamba kaptula yangu.

Nikampigia kelele. Akanitazama, akaichukua yote mdomoni, akaanza kuondoka taratibu kama mwenye mali, mguu mmoja wa kaptula ukining'inia nje. Ng'ombe jike akafika nyuma yake akachukua shati. Nikatoka mbio, na sijafika hata ukingoni nikasikia sauti za wanawake wanakuja na mitungi yao, tena kwa upande wa matete (baadaye nilijua upande wao ulikuwa umejaa tope). Nikarudi majini, nikajificha nikabakiza kichwa.

Na hawakuwa wanawake wowote, walikuwa shangazi zake Kabula, wametumwa maji ya kuwapikia wageni, yaani mimi. Wakateka, wakakaa, wakaanza kunisema. “Huyo mshenga mpaka sasa hajaonekana,” alisema mmoja. “Kaka amekasirika. Kijana wa watu amekaa peke yake pale kwenye kigoda, hajui hata aangalie wapi.” Mwingine akasema, “Amedharau. Jua likifika utosini kaka atawafukuza.” Nikatazama juu, jua lilikuwa karibu na utosi kweli. Nikamwona Lushinge wangu moyoni, amekaa na mikono yake mirefu magotini, na harusi yake inaondoka kwa sababu yangu. Nilitamani kulia.

Wenzetu tisa waliobaki walikuwa wanasubiri barazani kwa Juma, mmoja wao, fundi cherehani, mtu wa Tabora aliyehamia kwetu baada ya vita, nyumba yake haikuwa mbali. Nikawaza (na hapa naomba msinicheke kwanza), nikipuliza kidogo tu, mara moja, Juma atashangaa, atakuja kuchungulia, nitamwomba shuka, nitavaa, nitafika kabla ya utosi. Nikapuliza kidogo.

Shangazi wakaruka. Mitungi miwili ikavunjika papo hapo. Wakageuka wakaona kichwa cha mtu katikati ya matete, kina filimbi mdomoni, na mkubwa wao akainua mwano ambao nadhani ulisikika Shinyanga mjini. Mimi nikachanganyikiwa, akili ikanihama, nikapuliza tena, na tena, ndefu, kwa nguvu zangu zote, na nilipojikumbuka ilikuwa imetimia mara tatu.

Jamani! Wa kwanza kutokea alikuwa Lushinge, kutoka kwenye kigoda cha posa, na hakuuliza kitu, alijitupa majini na viatu vyake akanishika chini ya makwapa akipiga kelele, “Umeumia wapi? Wapi?” Nyuma yake wakaja wenzetu wote, yule tuliyezoea kumwita Koplo amenyolewa nusu ya kichwa na sabuni inamtiririka sikioni, Juma na futi ya kupimia nguo shingoni na mkasi mkononi, mwingine bado anatafuna. Nyuma yao kijiji kizima, mikuki, marungu, mapanga, wakiuliza mamba yuko wapi, fisi yuko wapi, na huku kuna mtu ameshasema ng'ombe wanaibwa.

“Lushinge,” nikamnong'oneza, “sina nguo.”

“Nini?”

“Kaptula imeliwa na ng'ombe.”

Aliniachia hapo hapo nikazama. Nilipoibuka nikamsikia Juma anawaeleza watu kwa sauti, “Hakuna mamba, ndugu zangu, ni nguo tu. Maige, usijali, kipimo chako ninacho!” Kicheko kilichoinuka pale sijawahi kukisikia tena. Kisha kikakatika ghafla, maana watu walikuwa wanampisha Mzee Shija.

Alikuwa na mkuki, anahema, shuka lake begani. Akamtazama Lushinge aliyelowa, akanitazama mimi. Sikujua la kufanya, nikafanya nililofundishwa na mama yangu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba,” akaitika kwa mazoea, na nikamwona anakasirika kwamba ameitika. “Huyu ndiye mshenga?”

“Ndiye, baba,” alisema Lushinge.

“Ng'wanawane, mwanangu, uliniambia filimbi umeisahau.”

Lushinge akainamisha kichwa. “Nilidhani nimeisahau, baba. Nimejikuta nimeshafika hapa.”

Kabula alikuwa amefika nyuma ya shangazi zake, ameshika kanga mdomoni. Mimi nikajua yameisha, nimemharibia rafiki yangu maisha kwa ajili ya mikunjo ya kaptula. Mzee akawatazama wenzetu mmoja mmoja, akamtazama Koplo na nusu ya nywele zake kwa muda mrefu, halafu akauliza kitu ambacho hakuna aliyekitegemea, tena kwa sauti ndogo.

“Luhende naye alipuliza filimbi?”

Jibu tulikuwa nalo mimi na Lushinge, na Lushinge alikuwa ameniapisha nisiliseme. Alisema hataki ionekane anamnunua dada kwa kifo cha kaka. Akanikazia macho ninyamaze. Lakini mtu ukishasimama uchi mbele ya wakwe huna tena siri ya kulinda, nikasema.

“Hakuwa nayo, baba. Aliita kwa mdomo.”

“Mkaja?”

“Tulikuja, baba. Mimi na Lushinge. Ilikuwa mvua, mtoni, alikuwa amepigwa risasi tumboni. Lushinge ndiye aliyefika kwanza, kama leo. Alimpakata mpaka asubuhi. Hakuwa peke yake, baba, hata kidogo. Alikuwa anaongea Kisukuma, anauliza kama ng'ombe wamerudi.”

Mkuki ukamshuka mzee mkononi mpaka ukagusa chini. “Miaka mitano,” akasema. “Miaka mitano nimelala nikimwona yuko peke yake. Na ninyi mnajua.”

Hakutukana. Ningeona afadhali angetukana. Kweli tulikuwa hatuna sababu ya maana, tulimwogopa tu, kila mmoja akisema mwenzake atakwenda. Halafu mzee akavua lile shuka lake begani, akabaki na kaptula yake na kifua chake cheupe kwa mvi, akanitupia pale pale majini.

“Vaa, mshenga,” akasema. “Mahari haizungumzwi na mtu anayetetemeka. Na wewe kijana, toka majini, viatu vinaoza.”

Tulizungumza mahari jioni yote. Nilisahau hotuba yangu yote na hakuna aliyeiuliza. Kaptula haikuonekana tena, ila mzee alinihakikishia kwamba fahali ni mzima. Lushinge akampata Kabula kabla ya mvua, na wenzangu wakanihukumu kulima matuta ya watu wawili msimu mzima, kwa kupuliza filimbi bila ya moto wala mamba.

Mvua zilipoanza tulikwenda kwa Mzee Shija na majembe, safari hii hakututoa mbio. Alikaa kwenye tuta akasema, “Kazi mtafanya, lakini kila mmoja akifika mwisho wa mstari aje anieleze jambo moja la Luhende.” Basi tukawa tunalima na kueleza, alivyoimba kwenye meli, alivyoficha sukari, alivyomdanganya sajenti kwamba yeye ni mtoto wa mtemi. Mwaka wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Mwaka wa nne mambo ya kweli yakatuishia, maana kijana wa miaka ishirini na moja hana mambo mengi, tukaanza kutunga. Lushinge, yule asiyejua kusema, alitunga kuliko sisi sote. Mzee alijua kabisa tunatunga, nilimwona usoni, na hakumkatiza mtu hata mara moja. Alisema tu, “Enhe, halafu?”

Kaptula nimeshaisamehe. Ile miaka mitano ndiyo bado inanichoma, na nimeapa, nikiwa na habari ya mtoto wa mtu, ninakwenda kumwambia siku hiyo hiyo, nimevaa au sijavaa.