Boti ya Aliyetunyima Maji

Mama yangu anaishi Fundo, ng'ambo ya Wete, na macho yalikuwa yanamziba. Mtoto wa jicho, walisema madaktari, hutolewa hospitali siku moja, mtu akarudi anaona. Tatizo ni kuvuka. Mama alikuwa hajapanda chombo tangu bahari imchukue baba. Tulimbembeleza weee, mwisho akasema: "Napanda chombo cha mwanangu, chenye kijumba cha kujisitiri. Vya watu sivitaki." Ndiyo tukaanza kutafuta boti ya tanga iliyokwisha tumika, maana mpya tungeiota tu.

Nasema tukatafuta, lakini nani anamuuliza mwanamke habari za boti? Walikwenda mume wangu na kaka zake wawili, mabingwa wa kukagua kwa kujisifu wenyewe. Walikwenda Chokocho kwa bwana mmoja mwenye boti ya kutembezea watalii. Walirudi jioni wanacheua.

"Boti hiyo, mashallah!" alisema mume wangu.

"Mbao zake je?"

"Tulipikiwa pilau la kuku, na samaki wa kupaka."

"Nakuuliza mbao, baba watoto."

"Rangi inang'aa, we! Nimeshatoa neno, tunaichukua."

Loo! Sisi Wapemba tuna adabu zetu. Ukishakula cha mtu huwezi tena kumgongea ubao wala kumwinulia zulia, utaambiwa huna fadhila. Muuzaji mjanja analijua hilo, kwa hiyo mgeni hafikishwi pwani mpaka ashibe. Mabingwa wangu waliikagua boti kutoka jamvini, wakichokoa meno.

"Na ile ya Konde mliyoiona juzi?" nikauliza.

"Achana na mwenye boti yule, hana adabu! Hakutupa hata maji. Tumefika tu, katupeleka juani kwenye boti, kaanza kuitia kasoro mwenyewe. Tanga lina kiraka, usukani mgumu, mlango wa kijumba haufungi. Mtu gani anaponda mali yake?"

Jumatatu yake nikamwambia mume wangu twende Chokocho, nami nikaione kabla hatujalipa. Siku hizo nilikuwa nalipa funga zangu za Ramadhani. Yule bwana alitupokea kwa bashasha, sinia tayari limefunikwa kawa.

"Karibu Bi, kwanza tule."

"Ahsante, nimefunga."

Uso ukamshuka. "Japo chai?"

"Chai nayo si inafunguza, bwana?"

Mume wangu akakaa kwenye sinia, mimi nikashuka pwani. Nilipanda botini, nikainua zulia la kijumbani. Maji. Nikatoa mkobani kisu changu cha kumenyea muhogo, nikakichomeka kwenye ubao ule uliong'aa kwa rangi. Kikazama mpaka mpini. Hapo ndipo angekaa mama yangu, haoni, maji yakimpanda miguuni.

Nikarudi na kisu kimegandwa na ubao uliooza, nikakiweka kando ya sinia, karibu na paja la kuku.

"Bi, mnunuzi ni mumeo," alisema muuzaji.

"Na mama ni wangu."

"Lakini neno nimeshatoa," mume wangu akaninong'oneza, tonge mkononi.

"Lilitoka tumboni, lirudishe huko huko."

Tukanunua ile ya Konde. Kasoro zote alizozitaja mwenyewe zilikuwepo, na nyingine hatukuiona. Siku ya kukabidhiwa pia hatukupewa maji. Nilikwenda na chupa yangu. Shemeji zangu mpaka leo wanasema yule mtu bahili.

Siku ya kumchukua mama bahari ilikuwa shwari. Tulimshika mkono mpaka majini, akaushika ukingo wa boti, akasimama. Hapandi. Mume wangu akaanza kumsifia tanga na kijumba, mama wala hakumsikiliza.

"Aliyewauzia aliwapikia nini?" akaniuliza.

"Hakutupa hata maji, mama."

Akaupapasa ubao kwa kiganja, akaupapasa tena.

"Ile ya baba yako tuliinunua baada ya biriani la mbuzi," akasema. "Nami nilikula."

Akakunja buibui lake, akapanda.